Kutafuta Hitilafu katika Poti ya Swichi ya Hifadhi

Mji wa Songea umo katika njia ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo huo habari husafirishwa kwa mwanga. Kanuni hiyo hiyo hutumika hata ndani ya chumba kimoja cha kompyuta, ambamo seva huunganishwa na makabati ya diski kwa chombo kiitwacho swichi ya hifadhi. Kila kebo huingia katika swichi kwa mlango wake, yaani poti.

Ichukuliwe kuwa katika hospitali moja mjini humo seva yenye kumbukumbu za wagonjwa ina njia mbili za kufikia diski, na taa ya poti moja imezimika. Kazi ingali inaendelea kwa njia ya pili. Fundi mwenye haraka akichomoa kebo asiyoihakiki, huenda akaikata njia iliyo nzima, na daktari asipate tena kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kugusa, bali ni kusoma: poti ipi imeathirika, na je, njia ya pili ni salama?

Hali ya poti huangukia katika mojawapo ya mafungu manne.

1. Poti imefungwa kwa amri. Sababu ya kufungwa itafutwe kabla ya kuifungua.

2. Mwanga haufiki. Mwanga hutolewa na kupokewa na transiva, kifaa kidogo kichomekwacho katika poti. Kiini cha uzi utumikao chumbani kwa kawaida kina kipenyo cha mikromita 50, hivyo chembe ya vumbi yatosha kukiziba. Ncha zisafishwe, kisha ijaribiwe kebo nyingine iliyo nzima, halafu transiva nyingine. Vikibadilishwa vyote kwa pamoja, chanzo hakitajulikana. Hitilafu ikibaki baada ya hapo, poti za pande zote mbili zichunguzwe. Jicho lisielekezwe kamwe kwenye ncha ya uzi, kwani mwanga usioonekana nao hudhuru.

3. Mwanga wafika, lakini pande mbili hazielewani. Mara nyingi mwendo umewekwa tofauti: upande mmoja umefungiwa gigabiti 16 kwa sekunde, na transiva ya upande wa pili haizidi 8.

4. Poti ni hai, lakini seva haioni diski. Kila kadi ya seva ina jina lake la biti 64, na swichi hufuata orodha ya majina yaliyoruhusiwa kuwasiliana. Kadi ikibadilishwa, jina hubadilika, na orodha hubaki na jina la zamani.

Iwapo poti ni hai lakini mawasiliano yanasuasua, isomwe hesabu ya makosa, na baada ya muda isomwe tena. Hesabu kubwa isiyoongezeka yaweza kuwa ya zamani. Ile inayozidi kukua ndiyo dalili ya ugonjwa uliopo.

Zoezi: Kila desibeli 3 zipoteazo hupunguza nguvu ya mwanga kwa nusu hivi. Transiva yatoa miliwati 0.4, na upande wa pili wapokea 0.05. Zimepotea desibeli ngapi? Ikiwa uzi wenyewe hupoteza desibeli zipatazo 3 kwa kilomita, je, kebo safi ya mita 5 yaweza kuwa chanzo cha upotevu huo? Eleza.