SURA YA TISA: KUILINDA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Katika sura iliyopita tulijifunza jinsi mwili unavyojikinga na maradhi. Tuliona kwamba ngozi huzuia vijidudu visiingie, na kwamba chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu vilivyokwisha kuingia. Kompyuta si kiumbe hai. Haina ngozi wala damu. Lakini nayo huhitaji kinga za namna mbili: moja ya kuzuia mlangoni, na nyingine ya kutafuta kilichokwisha kuingia ndani. Katika sura hii tutajifunza kazi ya kila kinga, na jinsi ya kuzichagua.

1. Programu haribifu

Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo. Maagizo yaliyopangwa pamoja ili kutimiza kazi fulani huitwa programu. Programu nyingi hutusaidia kuandika, kupiga hesabu au kutazama picha. Lakini wako watu wanaoandika programu kwa nia ya kuharibu au kuiba. Programu za namna hiyo huitwa programu haribifu.

Aina moja ya programu haribifu ni kirusi. Kirusi cha kompyuta hujificha ndani ya programu au diski, kisha hutoa nakala zake chenyewe. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, waliandika kirusi kilichoitwa Brain. Kilienea kwa diski laini, zilizokuwa zikipita kutoka mkono hadi mkono. Siku hizi programu haribifu huenea kwa intaneti, kwa barua pepe na kwa flashi.

Fikiri juu ya vitu vilivyomo katika kompyuta ya nyumbani: hesabu za duka la mama, barua za baba, picha za babu aliyekwisha kufariki. Kompyuta ikiharibika, nyingine huweza kununuliwa. Picha iliyopotea bila nakala hairudi.

2. Kinga ya kwanza: ngome

Kompyuta iliyounganishwa na intaneti hupokea na kutuma habari kwa njia nyingi. Kila njia ina namba yake, nasi tutaiita mlango. Namba za milango huanzia 0 na kuishia 65,535. Kwa mfano, mlango wa 443 hutumika kwa kurasa za tovuti zilizo salama, na mlango wa 445 hutumiwa na kompyuta za Windows kupeana faili.

Programu inayolinda milango hiyo huitwa ngome. Ngome hutazama habari inatoka wapi na inaelekea mlango upi. Kisha hufuata kanuni zilizowekwa: huyu aruhusiwe, yule azuiwe. Lakini ngome ya kawaida ya nyumbani haifungui kila mzigo ili kuchunguza yaliyomo. Mgeni aliyealikwa na mwenye nyumba hupita.

3. Kinga ya pili: kingavirusi

Programu inayochunguza faili zilizomo ndani ya kompyuta huitwa kingavirusi. Hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, ina orodha ya alama za programu haribifu zinazojulikana, na hulinganisha kila faili na orodha hiyo. Pili, hutazama mwenendo wa programu. Programu ikianza ghafla kuzifunga faili nyingi kwa mara moja, kingavirusi huishuku na kuisimamisha.

4. Mambo mawili yaliyotokea

Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe zenye kichwa cha habari ILOVEYOU, maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nakupenda", zilianza kuenea kutoka Ufilipino. Kila barua ilikuwa na faili. Mtu alipoifungua faili hiyo, programu haribifu iliamka. Ilijituma kwa watu wote ambao anwani zao zilikuwamo katika kompyuta, na iliharibu faili nyingi, zikiwamo picha. Ngome haikuweza kusaidia sana, kwa sababu mwenye kompyuta mwenyewe ndiye aliyeipokea barua na kuifungua. Hapo ilihitajika kingavirusi yenye alama ya programu hiyo katika orodha yake.

Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hii haikungoja mtu afungue barua. Ilipita katika mlango wa 445, kwa kutumia kasoro iliyokuwamo katika Windows. Ilizifunga faili zisisomeke, kisha ikadai fedha ili izifungue. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliathirika, na wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani bila kutibiwa siku hiyo. Kumbe kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizopokea marekebisho hayo hazikuweza kuingiliwa kwa njia hiyo. Vivyo hivyo ngome iliyoufunga mlango wa 445 kwa wageni iliizuia WannaCry isipite hapo.

Tunaona basi kwamba kinga moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Tena tunaona kwamba kinga isiyopata habari mpya ni dhaifu. Kuipa programu orodha mpya na marekebisho mapya huitwa kuisasisha.

5. Jaribio: Kwa nini kingavirusi husasishwa?

Vifaa: kadi 12 za karatasi, penseli, na karatasi moja ya orodha.

Njia:
(a) Chora pembetatu katika kadi 3, nyota katika kadi 3, na duara katika kadi 6. Kadi zenye pembetatu au nyota ni programu haribifu. Kadi zenye duara ni programu njema.
(b) Chagueni mwanafunzi mmoja awe kingavirusi. Mpeni orodha yenye pembetatu tu. Asiambiwe kwamba nyota ni alama mbaya.
(c) Changanyeni kadi, kisha mpeni moja moja. Azuie kila kadi ambayo alama yake imo katika orodha, na kuziruhusu nyingine.
(d) Hesabuni kadi haribifu zilizopita.
(e) Ongezeni nyota katika orodha, kisha rudieni jaribio.

Uchunguzi: Mara ya kwanza kadi 3 haribifu zilipita. Mara ya pili hakuna iliyopita.

Hitimisho: Mlinzi ni yule yule na macho yake ni yale yale. Kilichobadilika ni orodha. Kingavirusi ya bei kubwa isiyosasishwa hushindwa na ya bure inayosasishwa kila siku.

6. Jinsi ya kuchagua

Watu wa nyumbani wanapotaka kuchagua kinga, wafuate hatua hizi:

(a) Watazame kwanza kilichomo. Kompyuta yenye Windows 11 huja na ngome na kingavirusi ndani yake bila malipo. Pengine kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba havikuzimwa.
(b) Waulize programu husasishwa mara ngapi. Inayofaa hujisasisha yenyewe kila siku.
(c) Wapime uzito wake. Programu nyingine hutumia sehemu kubwa ya kumbukumbu ya kompyuta. Kompyuta ya zamani huweza kulemewa ikawa nzito mno.
(d) Wasome matokeo ya wapimaji wasiouza programu hizo. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima programu nyingi. Huangalia kama zinatambua programu haribifu, kama zinazilaumu faili njema bure, na kama zinaifanya kompyuta iende polepole.
(e) Wafikirie malipo ya kila mwaka. Programu nyingi za kulipia huacha kupokea orodha mpya muda uliolipiwa ukiisha.
(f) Wachague kingavirusi moja tu ya kulinda wakati wote. Mbili zikilinda pamoja huweza kushukiana na kugombania faili zile zile.
(g) Waipate programu kutoka kwa mtengenezaji wake. Tangazo likitokea ghafla na kusema, "Kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa," usilibonyeze. Mwite mtu mzima. Mara nyingi kingavirusi inayotangazwa hivyo ndiyo programu haribifu yenyewe.

Hakuna kinga inayokamata kila kitu. Kwa hiyo faili zenye thamani zinakiliwe katika flashi au diski nyingine, kisha chombo hicho kichomolewe na kuwekwa mahali salama.

7. Mambo ya kukumbuka

Ngome hulinda milango. Kingavirusi huchunguza yaliyomo ndani. Zote mbili zahitajika, nazo sharti zisasishwe. Nakala iliyowekwa mbali ndiyo akiba ya mwisho.

ZOEZI

1. Jaza nafasi zilizo wazi:
(a) Maagizo yaliyopangwa pamoja ili kutimiza kazi fulani huitwa ______.
(b) Mwaka 1986 kirusi Brain kilienea kwa ______.
2. Andika KWELI au SI KWELI:
(a) Ngome ya kawaida huchunguza yaliyomo katika kila faili.
(b) Kingavirusi mbili zinazolinda pamoja ni bora kuliko moja.
3. Eleza kwa nini ngome haikusaidia sana mwezi Mei 2000.
4. Ni mambo gani mawili yangeweza kuizuia WannaCry isipite katika mlango wa 445?
5. Ikiwa jaribio lingekuwa na kadi 2 zaidi zenye msalaba, nazo ni haribifu, ni kadi ngapi haribifu zingepita mara ya pili? Eleza sababu.
6. Kompyuta ya familia moja ina kingavirusi mbili zinazolinda kwa pamoja. Ngome yake imezimwa. Ilisasishwa mara ya mwisho miezi 8 iliyopita, na picha zote za familia zimo humo tu. Taja makosa manne, kisha andika jinsi ya kurekebisha kila kosa.