MKATABA WA MALI NA KAZI YA AVOKA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Somo la leo linahusu mali: mali mnayokopa, mali mnayokopesha, na mali mnayotia pamoja mkiwa wawili au watatu ili mnunue mpunga, mafuta ya mawese au dhahabu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuteremka juu ya swala, wala juu ya hija. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inahusu deni. Allah ametuamuru kwamba deni la muda liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Mwenye kudaiwa ndiye atakayetamka maneno yaandikwe, kwa sababu yeye ndiye atakayebanwa nayo. Akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake atamke kwa haki. Kisha wawepo mashahidi, wala tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa. Na mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Sasa tazameni sisi tunavyofanya huku Kasongo na Kabambare. Mtu anampa shemeji yake dola elfu mbili aende kununua mali Bukavu, na karatasi hakuna. Ukiuliza, unajibiwa: "Huyu ni ndugu, nikiandika atasema simwamini." Basi jueni kwamba aya hii iliwashukia masahaba, watu walioaminiana kuliko sisi. Kuandika si kumtukana ndugu. Shemeji akifariki njiani, wewe utawaambia nini watoto wake? Nao watajuaje kama unasema kweli?

Avoka ni nani katika dini yetu? Watu wa pwani wanamwita wakili, na neno hilo ni lile lile la fiqhi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliweka wakili: alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi au kondoo. Urwa akanunua wawili, mmoja akamuuza kwa dinari, akarudi na mnyama na dinari ile. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Basi kumtuma mwenye ujuzi kuliko wewe katika mambo ya mali si uzungu, kama wengine wanavyosema.

Na ujuzi huo unahitajika kwa sababu sheria ya biashara katika inchi yetu imebadilika. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na korti yake kubwa iko Abidjan. Sheria ya sosiete ambayo baba zetu waliikuta ilikuwa ya mwaka 1887! Mzee aliyefungua depo zamani za Mobutu na bado anafuata mashauri ya wakati ule anatembea na kalenda ya zamani.

Nitazungumza zaidi juu ya dhamana, kwa maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mwenzako anakopa, anakuomba usinye karatasi kama mdhamini. Wewe unaona ni heshima tu. Lakini kwa sheria ya OHADA, kwa kawaida mdhamini anahesabiwa kuwa amesimama pamoja na mdaiwa: mdaiwa akionywa asilipe, mwenye mali anaweza kuja kwako moja kwa moja. Kwa hiyo sheria hiyo imeweka kinga. Mdhamini aandike kwa mkono wake mwenyewe kiasi cha mwisho anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Asiyejua kuandika awe na mashahidi wawili, nao washuhudie kwamba ameelezwa karatasi ile ni ya nini na itamletea nini. Mwaliona? Mashahidi wawili, na kumlinda asiyeweza. Wanasheria walioandika hayo sidhani walikuwa na msahafu mezani, lakini Mwislamu akiyasoma atatambua harufu ya nyumbani. Avoka wako akikuambia usinye haraka bila hayo, huyo hakufai. Na komisioneri wa mlangoni pa ofisi, anayebeba dosie za kila mtu, si avoka kabisa.

Ya pili ni rahani. Aya ya 283 imeruhusu rahani mkiwa safarini bila mwandishi. Siku hizi rahani inayotakiwa ni parseli. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya leta, nawe unayo haki juu yake kwa sertifika iliyoandikishwa kwa konservateri wa ardhi. Karatasi ya chefu, au barua ya kuuziana mbele ya jirani, haitoshi kuwekea rahani mbele ya benki. Anayepokea rahani, avoka wake aende kwanza kutazama kitabu cha konservateri: jina ni la nani, na je, parseli imekwisha kuwekwa rahani kwingine? Anayeweka rahani aulize kwanza mke na ndugu wa urithi. Nyumba ya mayatima si yako peke yako hata kama funguo uko nazo.

Ya tatu, ushirika. Bibi Khadija (r.a.) alimpa Mtume mali yake aende nayo Sham, huo ndio mlango wa mudharaba. Faida hugawanywa kwa sehemu mliyopatana, nusu au theluthi. Si kiasi kilichofungwa kwa kila mwezi. Hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Hasara isiyo ya uzembe ni ya mwenye mali, na mfanya kazi amepoteza jasho lake. Avoka mzuri anaweza kuandika masharti hayo katika mkataba bila kuvunja sheria ya leta, lakini ni wewe umwambie, yeye hakusoma fiqhi. Mwulize pia mnaingia ushirika wa namna gani. Kuna sosiete ambayo kila mshirika anadaiwa hata mali ya nyumbani kwake. Kuna SARL, ambayo kwa desturi hupotezi zaidi ya kile ulichotia, nayo huandikwa katika RCCM. Na wachimbaji, kodi ya 2018 inadai muwe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Msikubali mtu mmoja ashike karatasi za wote.

Mtasema avoka ni wa matajiri. Tazameni Namoya, hapo hapo Kabambare. Kampuni ya Banro ya Kanada ilipatana na serikali mwaka 1997, na mwaka 1998 serikali ikafuta mapatano hayo. Hawakurusha mawe: walipeleka karatasi zao mbele ya waamuzi Washington, na huko wakaambiwa shauri haliwahusu waamuzi hao. Lakini mwaka 2002 walipatana upya na serikali, migodi ikarudi. Kisha mwaka 2012 wakakopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10. Mwaka 2017 wakakimbilia korti ya Kanada kuomba kinga juu ya wenye kuwadai, na mwaka 2018 wakopeshaji ndio wakawa wenye kampuni. Mwanzoni makaratasi yaliwasaidia. Mwishoni yale yale, yakiwa na riba ndani, yaliwatoa. Na kijana wa Salamabila aliyechimba pale bila karatasi alikuwa na nini cha kuonyesha?

Mkitafuta avoka, ulizeni kama jina lake liko katika orodha ya barreau. Defanseri nao wapo, lakini kazi yao ina mipaka, ulizeni mapema. Asiwe ndiye anayemtetea mwenzako katika jambo lile lile. Malipo yake yaandikwe, na apokeapo atoe risiti. Hilo nalo ni deni. Karatasi ni za Kifaransa: akusomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya mtu unayemwamini, ndipo usinye.

Kindu ni mbali, zaidi ya kilometa 200, na njia mnaijua. Mama wa sokoni na wenye likirimba wanaweza kuchanga pamoja, wamwite avoka mmoja mara moja, awaandikie mfano mmoja wa mkataba wa kukopeshana na mmoja wa ushirika, wautumie kila mara kwa kubadili majina, kiasi na tarehe. Kwa mambo makubwa kuliko hayo, parseli au sosiete, arudiwe tena. Wallahu aalam.