KUWAKINGA SUNGURA NA JOTO

Mimi ni mtunzaji wa sungura katika chama chetu cha ukulima. Sungura hao si mchezo: tukiwauza, fedha zao huwanunulia wenzetu madaftari. Jike mwenye mimba akifa kwa joto, tumempoteza yeye na watoto wake pia. Kwa hiyo napenda kueleza namna ya kuwakinga, hasa kwa sisi tukaao karibu na Ziwa Victoria, ambako hewa ina unyevu mwingi.

Katika hadithi zetu sungura ni mjanja asiyeshindwa. Lakini sungura tunaowafuga si wale wa porini kwetu. Asili yao ni Hispania na Ureno, ambako hukaa mashimoni wakati wa jua, wakatoka kula alfajiri na jioni. Sisi tumewatoa shimoni tukawatia kizimbani, na humo hawana pa kukimbilia. Yatupasa tuwatafutie ubaridi ule wa shimo.

Sungura hatoki jasho kama mtu. Joto humtoka kwa masikio na kwa pumzi. Hewa ya nyuzi 15 hadi 25 za Sentigredi yamfaa. Ikipita 30 hutaabika, na ikipita 35 aweza kufa. Hewa ikiwa na unyevu, pumzi haiondoi joto vizuri, naye hutaabika mapema zaidi.

Kwanza, paa. Bati tupu saa nane mchana ni kama tanuri. Ezeka kwa nyasi, au tandaza nyasi nene juu ya bati. Weka kizimba chini ya mti, na pande zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu.

Pili, upepo. Pande ndefu ziwe za wavu. Watu wengine hutundika magunia yenye maji. Mahali pakavu penye upepo jambo hilo ni jema, maana maji yakikauka huchukua joto. Lakini penye unyevu gunia halikauki upesi, tena huziba upepo. Heri wavu mtupu. Usiwasonge wengi pamoja, na uondoe mavi na mkojo kila siku, kwa sababu harufu yake hudhuru mapafu, na uchafu huita inzi.

Tatu, maji. Sungura mkubwa aweza kunywa karibu nusu lita kwa siku ya joto, na jike anyonyeshaye hunywa zaidi. Yaweke kivulini katika chombo kizito cha udongo, uyabadili asubuhi, adhuhuri na jioni. Chakula kingi mpe jioni, kwa kuwa usiku ndipo apendapo kula.

Nne, madume. Joto kali huharibu mbegu za dume, na huenda zisipone mpaka zimepita wiki 7 hivi. Basi majike wasiposhika mimba baada ya majuma ya joto, msifanye haraka kuwachinja mkidhani ni tasa. Ngojeni, mjaribu tena.

Mwisho, jueni dalili. Sungura aliyeshikwa na joto hulala amejinyoosha, huhema upesi, masikio yake huwa ya moto, na pengine mate humtoka. Mpelekeni kivulini penye upepo mara moja, mkampanguse masikio kwa maji ya baridi kiasi. Msimtumbukize katika maji baridi sana, maana mshtuko waweza kumwua. Akiweza kunywa, mpeni maji. Asiyeweza asinyweshwe kwa nguvu. Kisha mwiteni bwana mifugo.

Ndugu zetu mliokwisha maliza shule, ninyi mlio na nafasi nyumbani, kazi hii yawafaa. Mbao chache, wavu na nyasi zatosha kuanza. Lakini tafuteni kivuli kabla ya kununua sungura.