Kuanzisha Mradi Mpya wa Tovuti kwa Vue na Vite: Mwongozo kwa Mafundi wa Kemambo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa tovuti katika Kata ya Kemambo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, aliyepewa kazi na mwenye duka la vipuri, nyumba ya wageni au kikundi cha wachimbaji wadogo. Ikiwa intaneti yako ni bando la simu, panga kwanza utapakua nini na lini.

Pakua Node.js kutoka tovuti yake rasmi, toleo lenye alama ya LTS, yaani linalotunzwa kwa muda mrefu. Faili hilo liweke kwenye flashi ili wenzako nao walitumie. Kisha fungua dirisha la amri, uandike:

npm create vite@latest duka -- --template vue

Vite ni kazi ya Evan You, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa fremuweki ya Vue. Masomo ya zamani ya React yatakuelekeza utumie Create React App. Achana nayo, watunzaji wake walitangaza Februari 2025 kuwa haifai tena kwa miradi mipya.

Ingia katika folda ya duka, uandike npm install. Hapa ndipo bando linapoliwa. Amri hiyo husoma package.json, hupakua vifurushi na kuviweka katika node_modules, kisha huandika faili liitwalo package-lock.json. Wapo wanaolifuta wakidhani ni takataka. Tafadhali usilifute! Ndilo linaloshika toleo halisi la kila kifurushi. Likikosekana, mwenzako aliyeko Tarime mjini akisakinisha mwezi ujao anaweza kupata matoleo mengine, tovuti ikafanya kazi kwako na kugoma kwake. Mwenye faili hilo ataandika npm ci, apate vilevile ulivyopata wewe. Folda ya node_modules, kwa upande wake, haitumwi kwa mtu wala haiingizwi kwenye Git.

Vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa npm hubaki na nakala zake ndani ya kompyuta. Katika mradi wa pili andika npm install --prefer-offline, zianze kutumika hizo.

Sasa andika npm run dev, ufungue http://localhost:5173 kwenye kivinjari. Kuanzia hapo unaweza kuzima data na kuendelea na kazi.

Kabla ya kugusa rangi, fungua index.html ubadilishe lang="en" iwe lang="sw". Programu inayomsomea asiyeona hutegemea alama hiyo kuchagua matamshi.

Kazi ikiiva, npm run build itakupa folda ya dist. Hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye seva. Soma ukubwa wa mafaili unaoonyeshwa pale. Kila maktaba uliyoongeza italipiwa na bando la mteja, basi punguza, na picha uzibane.

La mwisho ni zito kuliko yote. Thamani ambayo jina lake linaanza na VITE_ katika faili la .env, ukiitumia kwenye msimbo wa tovuti, huingia ndani ya dist, na yeyote anaweza kuisoma. Nywila na funguo za malipo zikae kwenye seva. Fomu ikichukua majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na mwenye duka pia.