Magugu Hushindwa Kabla Hayajaota: Mwongozo wa Bustani ya Mboga Nyumbani

Bustani nyingi za nyumbani hukwama mahali pamoja. Wiki ya kwanza tuta ni safi na miche ya sukuma wiki imesimama kwa mstari. Wiki ya nne, mvua ikishapiga mara mbili tatu, mboga na magugu vimechanganyika, mgongo unauma, na mwenye bustani anaanza kuulizia dukani dawa ya kuchoma majani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kumwepusha na safari hiyo. Katika eneo la hatua chache nyuma ya nyumba, ambako watoto wanacheza, kuku wanaparua na mboga inachumwa asubuhi ili iliwe mchana, hakuna kazi ya palizi inayoishinda mikono, matandazo na mpangilio mzuri. Sumu ya nini?

Jambo la kulielewa kwanza ni hili: magugu unayoyaona ni sehemu ndogo tu ya yaliyopo. Mengine ni mbegu zilizolala udongoni. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo sana, na huota zikiwa karibu na uso wa udongo zinakopata mwanga, joto na unyevu. Zikifukiwa chini hulala, nyingine kwa miaka, hadi jembe lizirudishe juu. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: usiongeze mbegu mpya, na usiziamshe zilizolala.

Yajue magugu yako

Palizi inayofaa gugu moja inaweza kulineemesha jingine. Yagawe katika makundi matatu.

La kwanza ni yale yanayoota kwa mbegu na kufa msimu ukiisha, kama mchicha pori na kishona nguo, lile lenye mbegu nyeusi nyembamba zinazonasa kwenye nguo. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Haya ukiyakata kabla hayajatoa maua, umeyamaliza.

La pili ni yale yanayoishi chini ya ardhi: ndago na sangari. Ndago utaitambua ukilizungusha shina lake kati ya vidole. Lina kona tatu. Chini yake kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Ukivuta majani, uzi hukatika, kiazi hubaki, na baada ya siku chache jani jipya huchomoza. Sangari nayo hutambaa kwa mizizi mirefu myeupe yenye vifundo, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea mpya.

La tatu ni yale yanayotoa mizizi kwenye vifundo vya shina, kama kongwe, lenye shina la majimaji na ua dogo la buluu. Ukilikatakata na kuliacha kwenye udongo wenye unyevu, umelipanda upya.

Andaa tuta, kisha subiri

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa kazi kubwa zaidi. Lima tuta, lisawazishe kwa reki, kisha usipande. Mwagilia kana kwamba umeshapanda, au acha mvua za mwanzo za masika au vuli zifanye kazi hiyo. Ndani ya siku 7 hadi 14 utaona zulia la kijani la magugu machanga. Chagua siku ya jua kali, pita juu juu kwa kijembe au reki, usizidi sentimita 2 au 3, na uyaache yanyauke. Ukiwa na nafasi, rudia mara ya pili. Kisha panda bila kugeuza tena udongo.

Kwa karoti na vitunguu, hatua hii usiiache kabisa. Karoti inaweza kuchukua hadi wiki tatu kuota, na majani ya kitunguu husimama wima bila kutia kivuli chochote. Mazao haya mawili hayana uwezo wa kushindana na magugu yaliyoyatangulia.

Angalia unachokiingiza bustanini

Samadi mbichi ya ng'ombe na mbuzi huleta magugu kwa wingi, kwa kuwa mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai. Iozeshe kwanza. Tengeneza lundo lenye upana na kimo cha angalau mita 1 ili liweze kupata moto, changanya samadi na majani makavu na mabichi, na ulimwagie maji liwe na unyevu bila kuchuruzika. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne au tano kichomoe na ukishike: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Geuza lundo ili ya pembeni yaingie katikati, na rudia kila linapopoa. Joto la nyuzi 55 hadi 65 likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi. Viazi vya ndago na mizizi ya sangari usivitie humo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Nyasi, mabua au samadi vikitoka katika shamba au malisho yaliyopigwa dawa ya magugu ya majani mapana, mabaki ya baadhi ya dawa hizo hudumu na kuharibu nyanya na maharage. Muulize anayekuuzia. Ukiwa na shaka, changanya kiasi cha samadi na udongo kwenye kopo, panda mbegu za maharage, na kwenye kopo jingine panda katika udongo wako mtupu. Baada ya wiki mbili au tatu linganisha. Majani mapya yakijikunja na kusokoteka kwenye kopo la samadi peke yake, usiitumie.

Usiuache udongo uchi

Udongo ulio wazi utavaa tu. Kama hukuuvisha wewe, magugu yatauvisha. Matandazo ndiyo nguo yake. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, majani makavu ya migomba, maganda ya mpunga au mabua yaliyokatwakatwa, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Chini ya kiasi hicho mwanga hupenya na magugu huota. Palipopandwa mbegu ndogo moja kwa moja, usitandaze mpaka ziote na kuinuka kwanza. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina la kila mche ili lisioze, na ongeza matandazo yanapopungua.

Njia kati ya matuta zifunike kwa boksi tupu zilizotolewa utepe wa plastiki, juu yake uweke nyasi. Maranda mabichi ya mbao yafaa njiani kuliko kwenye tuta, kwani yakichanganyika na udongo huzuia naitrojeni isifikie mboga kwa muda. Kwenye mchwa wengi, tandaza tabaka jembamba na ulikague mara kwa mara.

Mboga zenyewe nazo hufunika. Matembele na maboga hutambaa yakaziba udongo wote. Sukuma wiki ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 45, pengo kati ya miche hubaki wazi kwa wiki kadhaa. Lipande figili au mchicha, ambao utauvuna ndani ya mwezi mmoja, wakati sukuma wiki inaanza kutanua majani. Mchicha usimwage ovyo. Uweke kwenye mistari ya sentimita 20 ili kijembe kipite.

Maji nayo yaelekeze. Ukimwagilia tuta zima, unayanywesha na magugu. Peleka maji kwenye shina la mboga kwa kopo, au fukia karibu na mche chupa ya plastiki yenye matundu madogo na uijaze.

Palizi ndogo, mara kwa mara

Wiki tatu hadi sita za mwanzo baada ya kupanda ndizo zinazoamua mavuno. Pita bustanini mara moja au mbili kwa wiki, magugu yakiwa bado na majani mawili matatu. Kazi itakuwa ya dakika chache. Palilia asubuhi ya siku ya jua, udongo ukiwa na unyevu kidogo, ili yaliyong'olewa yakauke kabla ya jioni. Palizi ya siku ya mvua mara nyingi huyahamisha magugu tu.

Palipo na ndago, jembe la kufyeka halisaidii. Chimba kwa uma kiasi cha sentimita 15 hadi 20, kwa sababu viazi vingi viko hapo, fuata nyuzi kwa mkono na uvitoe. Vianike juani juu ya bati mpaka vikauke kabisa. Plastiki usiitegemee, kwa sababu ncha ya ndago huitoboa. Inachokichukia ndago ni kivuli na kukatwa majani kila yanapochomoza, maana kila jani jipya linakula akiba ya kiazi. Bandu bandu huisha gogo, na kwa ndago gogo hilo ni la misimu kadhaa.

Usiyopaswa kuyamwaga

Chumvi, oili chafu ya gari na dizeli hutumiwa na baadhi ya watu kuua magugu. Huyaua, na huua udongo pia. Mboga hazitastawi hapo kwa muda mrefu. Siki ya jikoni huunguza majani ya magugu machanga, lakini haifiki kwenye kiazi cha ndago.

Kuhusu viuagugu vya dukani, mwongozo huu unasema wazi: visiingie kwenye bustani ya mboga ya nyumbani. Dawa za glaifoseti huua karibu kila jani la kijani linaloguswa, na tone linalopeperushwa na upepo halichagui kati ya gugu na nyanya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu. Taasisi kadhaa za udhibiti hazikukubaliana nalo, na mjadala unaendelea. Kuhusu parakwati, kiuagugu kingine, hakuna mjadala: funda dogo linaweza kuua, na haina dawa ya kuiondoa makali mwilini. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007.

Kama kwenu kuna dawa iliyobaki ya shambani, iache katika chombo chake chenye lebo, ndani ya sanduku lililofungwa. Usiigawe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hanusi kabla ya kunywa. Mtu akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na ubebe chombo chenye lebo.

Yanayoliwa, na yanayodhuru

Baadhi ya magugu ni mboga. Mchicha pori, mnavu, mgagani na mchunga hupikwa katika nyumba nyingi, hivyo palizi inaweza kuwa kitoweo. Chuma unayoyafahamu kwa hakika tu, na usichume kando ya barabara kuu, mfereji wa maji machafu au shamba lililopigwa dawa.

Mnanaha, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba, ni sumu kuanzia jani hadi mbegu. Ung'oe ungali mdogo, usije ukachumwa pamoja na mchicha. Gugu karoti, lililoenea Arusha na maeneo mengine ya Afrika Mashariki, lina majani yanayofanana na ya karoti na vichwa vidogo vya maua meupe. Huwasha ngozi na kuamsha pumu. Ling'oe kabla ya maua, ukiwa umevaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, na usiwape mifugo.

Pa kuanzia

Usijaribu kuisafisha bustani nzima siku moja. Chagua tuta moja. Liandae, lisubirie, pandia, funika, na ulipitie kila wiki bila kuruhusu gugu hata moja litoe mbegu. Tuta la pili lifuate msimu ujao. Mwaka wa kwanza utapalilia sana. Wa pili utaona akiba ya mbegu inapungua. Ukikutana na gugu usilolijua, lipeleke likiwa na mizizi kwa afisa ugani wa kata yako kabla hujanunua chochote. Ushauri huo ni haki yako, na mboga anayoila mwanao inastahili hatua hizo chache.