Mtoto Asitumwe Sigara

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtoto wa miaka minane akitumwa dukani kuleta sukari, mkate na sigara mbili za babu, hakuna anayeshtuka. Ni utumishi wa kawaida wa nyumbani, na mtoto asiyekaidi husifiwa. Kaya nyingi zilizohamia Midrand, kuanzia Ivory Park na Ebony Park hadi Rabie Ridge na Halfway House, zimekuja na desturi hiyo. Sheria ya Afrika Kusini huitazama safari hiyo fupi kwa jicho jingine.

Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku, nambari 83 ya mwaka 1993, hapo awali iliweka umri wa miaka 16. Marekebisho yaliyoanza kutumika Agosti 2009 yaliupandisha hadi 18. Lililokatazwa si kumuuzia mtoto tu, bali hata kumpatia. Muuzaji akimkabidhi mtoto sigara amevunja sheria, ijapokuwa mtoto ataapa kwamba ni za baba yake na ijapokuwa baba mwenyewe atathibitisha kwa simu. Mzazi anayemtuma mwanawe humtia mwenye duka hatiani, na mara nyingi mwenye duka huyo ni mhamiaji mwenzake.

Kuna kifungu kingine ambacho familia zenye maduka ya spaza husahau. Mwenye biashara anatakiwa kuhakikisha kwamba asiyetimiza miaka 18 hauzi tumbaku dukani mwake. Kijana anayemsaidia mama baada ya shule anaweza kuuza mkate, maziwa na vocha za simu. Mteja akitaka sigara, mtu mzima ndiye amhudumie. Peremende na vitu vya kuchezea vyenye umbo la sigara navyo haviruhusiwi kuuzwa.

Ukali huu una sababu. Wavutaji wengi duniani walianza wakiwa vijana, umri ambao ubongo bado unakua na nikotini huushika upesi. Aidha, pakiti nzima huzidi uwezo wa mwanafunzi, lakini sigara moja hupatikana kwa chenji ya nauli. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 ilikataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Hapa, muswada uliowasilishwa Bungeni Desemba 2022 unakusudia kukomesha uuzaji wa sigara moja moja, kuondoa sigara machoni pa wateja madukani na kuzifungasha katika pakiti zisizo na nakshi. Hadi utakapokuwa sheria, ile ya 1993 na marekebisho yake ndiyo inayofuatwa, na mwenye duka asiyetaka kusubiri hazuiwi kuacha kufungua pakiti.

Muswada huohuo ungeiingiza sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu, chini ya udhibiti kwa mara ya kwanza. Tangu Juni 2023 kimiminika chake hutozwa ushuru, lakini ushuru hauangalii umri wa mnunuzi. Kifaa chenyewe humlaghai mzazi: hakina majivu, hunukia embe au mnanaa, na chaweza kudhaniwa kalamu. Mzazi anayenusa mashati ya mwanawe akitafuta harufu ya moshi hataipata.

Shisha, ambayo mitaani huitwa habli, ina hila yake. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Hapa huwekwa mezani hata kwenye sherehe za harusi, na vijana hupokezana mrija mbele ya wazazi wao. Maji yaliyomo hupoza moshi tu, hayaondoi sumu. Kwa kuwa kikao huchukua muda mrefu, moshi unaovutwa huzidi sana ule wa sigara moja.

Marufuku hufika hata kwenye gari na nyumbani. Hairuhusiwi kuvuta ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12, wala katika nyumba inayotumika kulea watoto kwa malipo au kuwafundisha masomo. Sebule inayosomesha watoto wa majirani jioni imo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu wazima 3 kati ya 10 nchini walitumia tumbaku. Kwa hiyo mtoto wa Midrand huona moshi kila aendako, na baadhi watajaribu. Mzazi akigundua, aulize kwanza anavuta na nani na saa ngapi, kwa sauti ya kawaida. Kumtisha kwamba atarudishwa kwa bibi yake Tanga au Bukavu humfundisha kuficha vizuri zaidi. Siku za mwanzo za kuacha huleta hasira, njaa na usingizi wa mang'amung'amu; ni dalili za nikotini kutoka mwilini, si utovu wa adabu, na hupungua baada ya wiki chache. Mzazi anayevuta atarahisisha kazi akiacha pamoja na mwanawe.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, na ushauri wa kuacha tumbaku unaweza kuombwa katika kliniki ya umma iliyo karibu. Nambari ya simu ya msaada, 011 720 3145, huchapishwa kwenye pakiti za sigara pamoja na onyo la afya.