Somo la Ushirika: Picha, Simu na Imani ya Watu



Katika mikutano yetu ya Kisenge, Malonga na Kasaji swali moja linarudi kila mara: "Wengine wanatia picha ku Facebook na wanapata mashini ya kusaga. Shiye tunalima sawa nao, juu ya nini hatupati?" Somo la leo linajibu swali hilo. Tutaona namna mashirika ya msaada yanavyozungumza na watu kwenye mitandao, njia ambayo feza inapita, na mahali ambapo ushirika unaweza kuumia. Lisomeni pamoja kwenye mkutano, sehemu kwa sehemu.

1. Juu ya nini mtu wa mbali anatoa feza?

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja. Kila mtu alilipwa dola 5, kisha aliombwa kutoa sehemu yake kwa wenye njaa Afrika. Kundi la kwanza lilisoma habari ya mtoto mmoja tu, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali. Kundi la pili lilisoma hesabu: mamilioni ya watu wana njaa katika inchi hii na ile. Kundi la kwanza lilitoa karibu dola 2.38 kwa kila mtu. Kundi la pili lilitoa dola 1.14. Na kundi lililopewa Rokia pamoja na hesabu? Dola 1.43 tu.

Ndiyo sababu mashirika makubwa yanaonyesha mtu mmoja. Moyo unashika mtu, haushiki hesabu. Ukiandika "wakulima wengi wa Lualaba wanateseka," msomaji atapita. Lakini sema hivi: "Mama huyu anaamka saa kumi na moja asubuhi. Anabeba beseni la muhogo kichwani, anatembea saa mbili mpaka kwenye mashini, anangojea zamu, anarudi jua likishuka. Mashini ikiwa hapa, hizo saa zitarudi kwa shamba lake." Msomaji ameona mtu, ameona shida, na ameona feza yake itafanya kazi gani. Hesabu ziko na nafasi yake, nazo ni za ripoti. Tutafika huko.

2. Kosa langu mwenyewe

Lakini kuonyesha mtu mmoja ni kazi ya hatari. Nilipokuwa mpya katika kazi hii nilipiga picha ya mama mmoja shambani, si mbali na Kisenge. Alikuwa analima na nguo ya shamba, imepasuka begani. Nilimuuliza kama naweza kupiga picha, akakubali. Sikumwambia itaenda wapi. Tukaiweka kwenye ukurasa wetu na maneno: "Hana kitu. Msaidie." Watu waliitikia sana, nami nilifurahi.

Nyuma ya wiki mbili, mtoto wake anayefanya kazi Kolwezi aliiona kwenye simu ya mwenzake. Akapiga simu nyumbani: "Mama, juu ya nini banakutia ku Facebook na nguo ya kupasuka? Batu ba kazi banasema sikuchungi."

Nilienda kuomba msamaha. Mama alinipa kiti, akaingia nyumbani, akatoka amevaa kikwembe chake cha siku ya Mungu. "Mutoto yangu," akasema, "niko na shamba kubwa ya muhogo, nimesomesha batoto batano. Ile haukuandika." Tulifuta picha siku ileile. Lakini picha iliyokwisha kupita simu kwa simu, hakuna anayeweza kuikamata tena.

Toka siku ile niko na masharti manne. Moja: kabla ya kupiga picha, mwambie mtu itaenda wapi na nani ataiona. Mbili: muonyeshe picha na msomee maneno kwa lugha anayosikia vizuri, Kichokwe, Kilunda ao Kiswahili. Tatu: akikataa, hata kesho yake, imekwisha. Nne: kwa mtoto, waulize wazazi, na hapana kuandika jina lake wala kijiji chake.

3. Habari yetu ikisimuliwa na wengine

Tarehe 5 Machi 2012 shirika moja la Marekani, Invisible Children, lilitia kwenye intaneti filamu ya dakika karibu 30 juu ya Joseph Kony, mkubwa wa waasi wa LRA. Katika siku chache ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Hakuna shirika la msaada lililokuwa limeona kitu kama hicho. Lakini tarehe 13 Machi ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, watu walioumizwa na vita ile walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likasimama. Walijitafuta kwenye filamu wakaona zaidi Mzungu na mtoto wake. Tena, wakati ule LRA ilikuwa imekwisha kutoka Uganda. Walioshambuliwa walikuwa watu wa Haut-Uélé kwetu Kongo, na wa Afrika ya Kati.

Sisi wa Lualaba tunajua jambo hili. Toka ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 juu ya kobalti, picha za watoto na wachimbaji wa Kolwezi zinazunguka dunia nzima. Shida ni ya kweli, na ni vizuri ijulikane. Lakini mtu wa mbali anaweza kufikiri Lualaba ni shimo tu, kwamba hapa hakuna muhogo, mahindi wala karanga, na hakuna watu wenye akili ya kujipangia kazi.

Tuko pia na mfano mzuri karibu. Masista wa Bon Pasteur wa Kolwezi wanafanya kazi na jamaa zinazoishi kwa machimbo: watoto wanarudi masomoni, wamama wanajifunza kazi nyingine, watu wanalima. Wakati walisimulia kazi hiyo kwa filamu, waliiita "Maisha". Walionyesha shida, na pia njia ya kutoka ndani yake. Mwaka 2019 Sista Catherine Mutindi, Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Opus ya dola milioni 1. Habari inayoonyesha watu wakifanya kazi inajenga imani ya siku nyingi. Habari ya machozi peke yake inaleta feza mara moja, kisha watu wanachoka.

4. Tuanze na nani?

Wengi wanataka kuanza na Ulaya. Nasema tuanze na watoto wa Kisenge. Huu ulikuwa muji wa manganezi. Mwaka 1975, juu ya vita ya Angola, njia ya reli ya Benguela ilifungwa, manganezi ikakosa barabara ya kufika bandari ya Lobito, na kazi ikaanguka. Leo kila jamaa iko na mtu Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, na wengine wako Ubelgiji. Wako kwenye vikundi vya WhatsApp vya jamaa na vya masomo ya zamani. Wanajua njia, wanajua majina, na wanaweza kuuliza: "Kweli mashini ilifika?" Mtu wa namna hii akitoa kidogo na kuona matunda, ndiye atakayewaambia marafiki wake wa mbali.

Rezo yetu ni dhaifu na mega ni bei, kwa hiyo sauti ya dakika moja na picha mbili kila mwezi zinatosha. Picha kumi kwa siku moja, kisha kimya cha miezi sita, zinaharibu. Na mtu akiuliza swali, mjibuni. Tofauti ya mitandao na tangazo la radio ni hii: hapa watu wanangojea jibu.

5. Feza inapita wapi?

Julai 2011, wakati wa ukame mkubwa, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya. Walitaka shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na walipita lengo kabla ya muda kuisha. Watu walitoa kwa simu, hata wenye kidogo. Tuchukue mambo matatu: lengo moja linalojulikana, tarehe ya mwisho, na namba moja ya kutuma feza.

Kwetu kuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Andikeni wazi kama mnaomba dola ao falanga. Kwa njia ya GoFundMe, jueni kwamba hailipi moja kwa moja Kongo: lazima mtu anayekaa Ubelgiji, Ufaransa ao inchi nyingine inayokubaliwa afungue kwa jina lake, halafu awatumie. Hapo mnaweka feza yenu mikononi mwa mtu mmoja. Andikeni mapatano naye kabla ya kuanza.

Namba ya kupokea isiwe ya prezida wala ya mtoto wake. Iwe ya ushirika. Mtu mmoja ashike simu, mwingine ashike kodi ya siri, na wa tatu aandike kitabu. Ushirika mwingi haukuuawa na kukosa feza. Uliuawa na feza iliyofika bila mashahidi.

6. Aksanti na ripoti

Hapa ndipo hesabu zinapata kazi. Nyuma ya mwezi mmoja, tumeni tena: tulipokea kiasi gani, tulinunua nini, ilibaki ngapi, hii ni picha ya karatasi ya duka. Kama mashini imeharibika, semeni pia. Anayetoa anasamehe shida. Kimya hasamehi.

7. Wezi wa mitandao

Mtapokea ujumbe: "Shirika la Amerika limewachagua, mtapata dola 10,000, tumeni kwanza dola 50 za karatasi." Hapana kutuma! Msaidizi wa kweli hakuombi feza ili akupe feza. Na mara kwa mara tafuteni jina la ushirika wenu ku Facebook. Mkiona ukurasa ambao hamkuufungua, piganeni nao upesi: uripotini kwa Facebook, na waambieni watu wenu wote namba ya kweli ni ipi.

Maswali ya kuzungumza

– Nani katika ushirika wetu ana ruhusa ya kutia picha na maneno? Nani anasoma kabla?
– Kitu gani kimoja tunahitaji mwaka huu, na bei yake ni ngapi?
– Watoto wetu walio mbali ni nani, na nani ataongea nao?
– Kila memba ajiulize: picha hii ingekuwa ya mama yangu, ningekubali mtoto wake aione kazini?

Mkikosa jibu la swali la mwisho, acheni picha hiyo kwanza. Shamba lenu litapata picha nyingine.

Kazi njema, na mvua njema.